Nafasi ya Kidole Kimoja

Kabla hujamwona Tata, ulimsikia. Baiskeli yake ilikuwa na madigadi mawili ya bati yaliyolegea, na alipoteremka kilima cha juu ya shamba letu la migomba, pale Nyakakika, yalipiga kelele kama sufuria ndani ya kapu la mtu anayehama. Tata, ndivyo tulivyomwita baba kwa Kinyambo, alikuwa mwinjilisti wa Kilutheri. Alizunguka vijijini kufundisha ubatizo, na wanywaji wa pombe ya ndizi walisema madigadi yale yalikuwa na huruma kuliko mwenyewe, maana yalitangulia kuwapa habari wakapata muda wa kuficha vibuyu. Tata alicheka pamoja nao, lakini sisi wa nyumbani tulijua kwamba maneno yale yalimuuma. Alipenda kila kitu kikae sawasawa; hata kuni alizipanga kwa urefu wake.

Masika yalipoingia, aliyafungua madigadi na kuyaweka kando, kama walivyofanya wenye baiskeli wote wa kwetu. Udongo wetu ni mwekundu na unanata. Ukiingia chini ya digadi hujishindilia kati ya bati na tairi mpaka gurudumu linagoma kuzunguka. Kwa hiyo miezi ya mvua watu wenye heshima zao, walimu na makarani, walitembea na mstari wa matope kutoka kiunoni hadi kisogoni, na hakuna aliyemcheka mwenzake. Mama naye hakuwa mtu wa kuacha kitu kilale bure. Alilichukua digadi la nyuma akaliegemeza chini ya ukingo wa paa la nyasi liwe mfereji wa kuingiza maji mtungini. Nililala miaka mingi nikisikia mvua ikipita juu ya bati lile, na hadi leo nikisikia maji yakitiririka kwenye bati napata usingizi.

Nilipokuwa na miaka minane, miaka ya hamsini, dada yangu Keziya aliposwa na mwalimu wa Rugera, na harusi ikaangukia katikati ya mvua kwa kuwa mwalimu hakuwa na likizo nyingine. Dada alinilea mgongoni mwake wakati mama akilima, na niliposikia anaondoka niliugua homa siku mbili. Nilipona nilipoambiwa kwamba mimi ndiye msichana mdogo wa kumsindikiza na kukaa naye siku za mwanzo. Bibi yetu, mama yake Tata, alikuwa na neno moja tu juu ya harusi ile: bibi harusi akishatoka mlangoni kwa baba yake hakanyagi ardhi mpaka mlangoni kwa mumewe. Zamani walibebwa kwa machela. Akikanyaga njiani, alisema, moyo wake utabaki hapo hapo, na ndoa haitatulia. Tata alimjibu kwa upole kwamba neno hilo halimo katika Maandiko. Bibi akasema, "Mimi sikuyasoma. Nilimzaa aliyeyasoma." Dada alikuwa akisikiliza mlangoni, na uso wake ulinionyesha kwamba analiamini neno la bibi na anaona aibu kuliamini mbele ya baba.

Ikaamuliwa aende kwa baiskeli, amekaa kwenye keria, kaka Yona akiisukuma. Lakini gurudumu la nyuma bila digadi lingelirushia matope gauni jeupe, gauni la kwanza la harusi kushonwa katika ukoo wetu. Siku mbili kabla, Tata akalitoa digadi mferejini. Lilikuwa limepinda na kuota kutu. Aliligonga juu ya gogo kwa nyundo ya mti, taratibu, akalisugua kwa mchanga na majivu, akakata mpira wa ndani uliochakaa na kuuweka kila penye nati ili lisipige kelele. Kisha akaigeuza baiskeli kichwa chini juu ya majani ya migomba na kuniita. "Mwanangu, lete kidole cha mwisho." Nilikiingiza kati ya tairi na bati. Tata akakizungusha kwenye digadi lote kwa kunihamisha kidogo kidogo, akivuta vile vyuma vyembamba vya kulishikilia huku na huku.

"Panabana?"

"Hapabani."

"Na hapa?"

"Panabana kidogo, Tata."

Alikuwa akifungua nati, anavuta, anakaza tena. Mchana kutwa tulikuwa hivyo, na dada, aliyekuwa akipindia gauni lake kizingitini, akaanza kutuigiza kwa sauti ya Tata mpaka sote tukacheka. Tulipomaliza, digadi lilikuwa limeifuata tairi kwa nafasi iliyo sawa kila mahali, nafasi ya kidole changu kidogo na si zaidi. Tata alilizungusha gurudumu na halikutoa hata mnong'ono. Sijawahi kumwona amefurahi vile. Alitaka binti yake afike kwa watu kimya na kwa heshima, siyo kwa makelele yaliyomfanya yeye achekwe maisha yake yote. Alijua masika yetu kuliko mtu yeyote, lakini siku ile alipenda kupendeza. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Ndoa ilifungwa asubuhi kanisani kwetu, bwana harusi akatangulia na watu wake, nasi tukaondoka baadaye: kaka Yona akisukuma, shangazi akishika keria, dada amefunikwa shuka kichwani asione mbele wala nyuma, na mimi na kikapu chake. Tata alibaki, maana kwa desturi yetu baba hamsindikizi binti yake, na spana ikabaki mfukoni mwake. Mvua ilitukuta bondeni. Hatukupanda hata nusu ya kilima kilichofuata, gurudumu likagoma. Kaka alijaribu kijiti, kikavunjika. Kisu alikiogopa, kisije kikatoboa tairi. Kidole chake hakikuingia, wala cha shangazi. Walijaribu kulibeba gurudumu na dada juu yake, wakateleza, nusura wamwangushe. Chini ya shuka nikamsikia dada akisema, "Shangazi, niteremke tu?" Hapo ndipo nilipotua kikapu. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa, lakini nafasi ile ilipimwa kwa kidole changu, na kilikuwa ndicho pekee duniani kilichoweza kupita.

Nilipiga magoti nikachokonoa. Hatua kumi, gurudumu likagoma, nikachokonoa tena. Ukingo wa bati ulikuwa mkali kwa kusuguliwa mchanga, na sijui ni kilima cha pili au cha tatu ukucha wangu ulipong'oka. Nilivuta pumzi kwa meno, dada akasikia.

"Panabana?" aliuliza kutoka chini ya shuka.

"Hapabani," nikasema.

Aliniuliza hivyo njia nzima, na mimi nilimjibu hivyo njia nzima. Tulifika Rugera jua likielekea kushuka. Mama mkwe akamshusha dada mlangoni, miguu yake mikavu, gauni jeupe kama lilivyotoka kwenye pasi. Kisha akaniona mimi, mwekundu kutoka nywele hadi vidole. "Maawe! Na huyu ni nani?" Shangazi akamwambia, "Huyu ndiye digadi letu." Watu walicheka sana. Dada aliinua shuka, akakiona kidole, akaanza kulia. Kwetu bibi harusi hutakiwa kulia, kwa hiyo wanawake wakamsifu kwamba amelelewa vizuri.

Niliporudi nyumbani baada ya majuma mawili, Tata alikishika kidole changu akakitazama kwa muda mrefu. Jioni ile alichukua spana akalegeza nati zote za digadi, na masika yalipokwisha akalifunga la mbele vivyo hivyo. Madigadi yakaanza tena kupiga kelele, na yalipiga hivyo mpaka alipoacha kuendesha. Wanywaji walifurahi. Nilimpenda sana Tata kwa kelele ile.

Mwaka jana tulimwoza mjukuu wa dada. Njia ile sasa ina lami, na bibi harusi alipanda gari lenye maua. Walipofika mlimani akateremka kupigwa picha, akasimama na viatu vyake vyeupe katikati ya barabara, akicheka, na hakuna aliyeshtuka. Wala mimi sikushtuka. Namwombea ndoa itulie, na naamini itatulia. Dada Keziya, ambaye amezika mume aliyeishi naye kwa amani mpaka uzeeni, alikuwa kando yangu, kiti cha nyuma cha gari lililofuata. Macho yake hayaoni tena. Alipapasa mkono wangu mpaka akakifikia kidole cha mwisho, chenye ukucha ulioota umepinda.

"Siku ile palibana," alisema. "Sivyo?"

"Palibana, dada."

Hakukiachia kidole mpaka tulipofika.