Betri Iliyozama Ziwani

Nakumbuka asubuhi moja, Mwanangu, ambayo mpaka leo nikiifikiria mwili unasisimka. Usidhani nakurudisha enzi za babu zako. Ni juzijuzi tu, nikiwa tayari na wajukuu wawili. Lakini ujana hauwatoki watu wote kwa umri mmoja. Wa kwangu ulichelewa sana, na siku ulipoondoka uliondoka kwa kishindo.

Tulikuwa wanawake watano wa Igogo, kando ya ziwa, wauza samaki na dagaa, tukaunda kikundi. Halmashauri ikatukopesha pikipiki tano za umeme, mkopo usio na riba hata senti. Tulicheka siku ile mpaka mbavu zikauma, maana miaka yote tulikuwa tukipandisha ndoo kichwani kutoka mwaloni, mitumbwi inaposhusha samaki, kwenye yale mawe ya mlimani ambayo hata mbuzi huyafikiria kwanza. Mwenyekiti wetu alikuwa Bibi Kabula, mjane wa miaka sitini na kitu. Alijua kuendesha kabla yetu sote, kitenge amekifunga kiunoni. Sisi tulipoanguka alikuwa akituambia tuinuke, ardhi haina meno.

Masharti yalikuwa machache. Betri ni ya pikipiki, si ya kazi nyingine. Jioni pikipiki zinalala uani kwa Bibi Kabula, na betri zinachajiwa barazani kwake. Mkaguzi akikuta kitu kimepungua, mwenye nacho ajitaje, arudishe pikipiki na deni aendelee kulipa. Asipojitaja mtu, zinarudi zote tano. Tukatia saini, tukaenda kunywa soda.

Basi, nina mpwa wangu, Masalu, mvuvi wa dagaa. Dagaa, kama ujuavyo, huvuliwa kwenye giza la mwezi, kwa taa. Betri ya taa zake ikafa. Akaja kwangu na maneno matamu, kwamba betri ya shangazi inalala bure usiku kucha, kwamba fundi atamfungia kifaa cha kupunguza nguvu ya umeme, kwamba asubuhi ataileta na ndoo ya dagaa juu yake. Ndoo nzima, Mwanangu! Nikangoja wenzangu watawanyike, nikamwambia Bibi Kabula kuwa nyumbani nimewekewa soketi mpya, betri yangu nitaichaji mwenyewe. Alinitazama, akasema sawa.

Siku tatu mambo yakaenda. Betri ilirudi imekauka chaji, naichaji mpaka mchana, ndipo naingia kazini wakati wenzangu wameshauza nusu ya mzigo. Hilo sikuliona. Niliona ndoo tu. Tamaa mbele, mauti nyuma, tunaimba hivyo tangu utotoni, lakini nani anakumbuka methali wakati anaanika dagaa?

Asubuhi ya nne Masalu alikuja mikono mitupu, nguo zimelowa. Wimbi limewapiga, mtumbwi umelala upande, betri imeteleza majini. Akanipa pole kana kwamba amenivunjia kikombe. Kabla sijapata hata pumzi ya kumgombeza, simu ikaita. Mkaguzi amefika kwa Bibi Kabula, tunatakiwa wote.

Sijui nilifikaje. Miguu ilitembea yenyewe. Mkaguzi alikuwa kijana mstaarabu, akatuamkia shikamoo mmoja mmoja, tukaitika marahaba. Akahesabu pikipiki, tano. Akahesabu betri, na zote zinafanana kama mapacha. Nne. Akahesabu tena. Akauliza ya tano ni ya nani. Akasema kwa sauti ya huruma kabisa kwamba kama haina mwenyewe, atalazimika kuita gari zibebwe zote leo. Mbuke, mdogo wetu kuliko wote, mwenye mtoto mgongoni, akakaa chini palepale kwenye vumbi. Aliacha kibarua Nyakato kwa ajili ya ile pikipiki.

Nilijua, na nilikaa kimya.

"Andika jina langu," Bibi Kabula akasema. "Imepotelea mikononi mwangu."

Nilipigwa na butwaa, Mwanangu. Nilitaka ardhi ipasuke inimeze. Nilimwona akitoa ufunguo kwenye pindo la kitenge na kumkabidhi yule kijana kwa mikono miwili. Na bado sikusema kitu. Hapo ndipo penye kosa langu, wala si kwenye betri. Betri ni chombo, na chombo huzama.

Siku tisa nikampita njiani juu ya pikipiki, nikitumia betri yake, yeye na ndoo kichwani, anapanda mawe kwa miaka yake ile. Kila siku alinisalimia, na kila siku nilimwitikia nikitazama kwingine. Siku ya tisa nikashindwa. Nikamwendea na mfuko wa dagaa, nikapiga magoti, nikaanza kumshukuru kwa kunificha. Akaurudisha mfuko miguuni pangu.

"Betri ilinuka dagaa tangu siku ya kwanza," akasema. "Nikanyamaza nikidhani utajirudi, na hilo ni kosa langu, ndilo ninalolibeba kichwani. Lakini sikukuficha wewe. Niliwaokoa wale watatu. Wewe bado nakusubiri."

Hakupaza sauti. Angenichapa fimbo ingeniuma kidogo kuliko vile. Kesho yake, ofisi ya halmashauri ilipofunguliwa, walinikuta mlangoni. Nikaeleza yote, nikaweka ufunguo mezani. Pikipiki yangu akapewa Bibi Kabula, mimi nikarudi kwenye ndoo na kulipa deni mpaka likaisha. Shingo ilipinda, lakini usingizi ulirudi.

Sasa nasikia nanyi vijana mnaunda kikundi, mnakwenda kuchukua pikipiki hizohizo. Nendeni, ni heri hiyo, msiichezee. Ila usikie, Mwanangu. Watu wanasema pesa ya serikali haina mwenyewe. Inaye. Ni yule aliyetia saini kando yako, na ukiiba, unamwibia yeye. Ukiona kitu kinalala bure, kiache kilale, kama mliahidi kilale. Ukikosea, na utakosea, sema mapema. Mficha uchi hazai. Na ukimwona mwenzako anapotoka, usimstahi kwa kunyamaza, mwambie siku hiyohiyo. Bibi Kabula mwenyewe amenituma nikwambie hilo la mwisho.

Nenda salama. Mungu abariki safari zako na mzigo wako, akulinde na mawe na utelezi. Na siku itakapoulizwa ni nani, akufungue kinywa uwe wa kwanza kusema ni mimi, asije mama wa mtu akabeba ndoo yako.