Shimo la Ndizi la Mukankusi

Wifi yangu Mukankusi ni mbishi, na nasema hivyo huku nikimpenda. Mwezi wa nane alitoka kambini Kitshanga na watoto wake wawili, akarudi kwenye kilima chao alichokikimbia miaka mitatu kabla. Nyumba aliikuta haina bati hata moja, akaiezeka kwa turubai. Migomba tu ndiyo iliyosalia, imezama kwenye magugu. Mume wake, kaka yangu Viateur, anatafuta maisha kwenye machimbo ya Mubi, na alituma ujumbe kwamba kwa hali ya barabara hatafika Noeli. Basi nikamwambia ashuke kwangu mjini Kitshanga, tule pamoja.

"Hapana, dada Céline," alinijibu. "Astrid iko na miaka saba. Noeli yenye anakumbuka ni ya kambi tu. Ya mwaka huu tutailia kwetu, hata kama juu iko turubai."

Na kwetu, Noeli bila mutobe, ile juisi ya ndizi ambayo kila jirani huingia kuionja, ni siku kama nyingine. Kwa hiyo tarehe ishirini alichimba shimo nyuma ya nyumba, akachoma majani makavu ndani yake mpaka udongo ukapata joto, akapanga mikungu mitatu ya ndizi mbichi na kuifukia ili ziive. Siku nne hakuna kufungua. Upepo ukiingia, ndizi hubaki ngumu, na ndizi ngumu hazikamuliki.

Tarehe ishirini na nne nikapanda kumsaidia kukamua. Tulipofukua, tulikuta majani matupu.

"Wezi!" nikapiga kelele. Sitaficha: moyoni nilifurahi kidogo, maana sasa angelazimika kushuka nami. Mukankusi aliingia ndani kuchukua kitenge chake aende kuuliza kwa majirani, ndipo akaziona chini ya kitanda, chane kwa chane, mbichi kabisa.

Astrid alikuwa amesimama mlangoni. Kila asubuhi, mama yake akiwa shambani, alifukua, akahamisha alizoweza, akarudisha udongo.

"Bangeiba, mama," alisema. "Kule kambi, kitu ya inje banaibaka yote."

Mkono wangu ulikuwa tayari kumzaba kofi. Mukankusi akaushika. Kisha akakaa kitandani akalia, mbele ya mtoto wake, na mimi nikaona aibu kwa ile furaha yangu. Nikamwambia tena, safari hii kwa upole, twende mjini.

"Kwenda wapi? Tuko mu nyumba yetu," akasema, akijifuta uso. "Tutazipika hivi hivi."

Ndizi za kukamua hazipikwi na mtu mwenye akili timamu. Zina ukakasi, zinakausha ulimi. Lakini siku ya Noeli, baada ya misa, zilichemka pamoja na maharagwe na mafuta ya mawese, na jirani yao Papa Nzabandora akala sahani mbili, akizisifu bila haya. Élysée, yule mdogo wa miaka mitatu, aliimba Gloria mpaka akasinzia na kijiko mkononi. Mimi nilimaliza sahani yangu. Sitasema zaidi.

Tulipokwisha kula, Mukankusi akakata mkungu mwingine, akampeleka Astrid kwenye shimo. Hakumgombeza hata kidogo. Walichoma majani, wakapanga, wakafukia, na mtoto akaukanyaga udongo kwa miguu yake mwenyewe.

"Hii njo mutobe ya Bonane," mama yake akamwambia. "Mwaka mupya utaikuta hapa."

Alasiri pikipiki ikaja kunichukua. Astrid alinisindikiza hadi njiani, nami nikataka kumjaribu.

"Twende ulale kwangu Kitshanga?"

"Hapana, tanti. Ndizi yetu iko inje."

"Na bakiiba je?"

Aligeuka kuitazama nyumba, akafikiri kidogo.

"Mama atafukia ingine."