Dawa ya Viungo

Muuza dawa wa Mtoni hakati vidonge bila kuupuliza mkasi kwanza, kana kwamba anapoza chai. Halafu kwa ile sauti yake ya chini: “Unywe ukishakula, mama.” Miaka yote Marietha ananunua kwake dawa ya zamani ya malaria, inayomtuliza maumivu ya viungo. Korona ilipoingia, watu wakaambizana kwamba dawa hiyo inaiponya, wakaigombea hadi ikaadimika mji mzima. Leo alipoiulizia, muuza dawa hakugusa mkasi. Alitoa mfukoni vidonge vichache, vimeshakatwa vizuri.

“Vya mke wangu. Tumemzika Jumanne.”

Akamwekea Marietha kiganjani, akamfumba vidole.

“Unywe ukishakula, mama. Mwenzio chakula kilimshinda.”