Vikombe Sita, Siafu Sita

Dada yangu alirudi nyumbani kutoka Nanyuki, kwenye alikuwa anapika kwa hoteli, akiwa amekonda mpaka saa yake ilikuwa inazunguka kwa mkono kama bangili. Hakuna mtu alitaja ugonjwa. Mami alichukua tu kikombe moja ya plastiki, akaifunga uzi nyekundu, akamwambia, "Hii ndio yako." Ikawa inaoshwa peke yake, kwa karai yake, na inakaushwa nje kwa dirisha.

Hiyo miaka boma mingi pande yetu ya Ruring'u zilikuwa na kikombe kama hiyo. Ukitembelea watu unaangalia dirisha, unajua, unaanza kuongea juu ya mvua.

Mimi nilikuwa fundi wa mikebe. Mtihani ya darasa la nane ilinipiga, na sikuwa na nguvu ya kurudisha ngumi, so nikaenda kutengeneza koroboi. Mikebe poa nilikuwa natoa Naro Moru, kwa wapagazi wa mlima. Wazungu wanapanda na chakula ya mkebe, wanashuka na malengelenge, mkebe inaachwa. Hiyo bati ilikuwa laini, na ndani inang'aa kama dhahabu.

Nikajiona mjanja. Kwa nyumba tulikuwa sita: mami, tata, mamdogo wetu, dada, mimi, na wadogo wetu wawili. Nitatengeneza vikombe sita, sawasawa kabisa, hata mimi nisijue gani ni ya nani. Halafu tuone huo uzi utafungwa wapi.

Unaweka bati juu ya kipande ya tairi, unaigonga pole pole na msumari umesugua ncha ikawa butu, ndio bati ivimbe bila kutoboka. Ukitoboa, umetengeneza kichujio. Nilichora tawi ya kahawa, kila jani na mishipa yake, matunda ishirini na tatu, na siafu moja anapanda. Mara sita. Siafu akitoka na mguu fupi, mami ataweka hiyo alama kwa kichwa, kwa hivyo mbili nilitupa nikaanza upya. Fundi wa viatu mwenye tulikuwa tunakaa naye kibanda moja aliniangalia wiki mbili.

"Sasa hiyo ni kikombe ama ni kanisa?"

"Ni kikombe."

"Na mbona unaipigia magoti?"

Nilizipeleka nyumbani Jumapili, watu wametoka kanisa. Mami aligeuza moja, akaigeuza tena. "Baba," akasema, juu mimi nilipewa jina ya baba yake, "hii mkono ulitoa wapi?" Tata akasema ati lazima akina mama wa kanisa waone. Wadogo wetu wakaanza kuhesabu matunda, wakapigana walipofika ishirini. Tukakunywa chai sisi wote. Dada alicheka, na tangu arudi sikuwa nimesikia hiyo sauti. Vikombe zikaoshwa kwa karai moja, zikaangikwa kwa misumari.

Asubuhi nilipata mami amesimama mbele ya hiyo misumari.

"Ya dada yako ni gani?"

"Sijui."

"Si ni wewe ulitengeneza?"

"Mami, hata siafu mwenyewe hajui."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Alitoa zile plastiki za zamani kwa sanduku, yake, ya tata, yangu, za watoto. Halafu akatoa zangu zote kwa misumari, akazitia kwa beseni, akaenda akaiweka kando ya kitanda ya dada.

"Zote ni zako."

Nilikuwa nataka kumwondolea kikombe moja. Nikamwongezea sita.

Mchana dada aliniita. Alikuwa amezipanga kwa dirisha, chupa ya chai iko kando. "Unaona? Nimefungua hoteli yangu. Kuja, kastoma." Akajaza mbili, akanipatia moja.

Huo mdomo wa kikombe nilikunja na mkono yangu, nikaulainisha ndio usimkate mtu. Nikauleta kwa mdomo wangu. Ukagusa. Mdomo ikakataa kufunguka. Nikainamisha kikombe kidogo, nikachezesha koo, nikapangusa mdomo.

"Aaah! Sukari umepimia poa."

Dada aliangalia ndani ya kikombe yangu.

"Sijaweka sukari," akasema.

Mimi, mtu wa kujibu walimu mpaka wanasahau kunichapa, nilipata jibu moja tu. Nikasema, "Ni moto sana." Haikuwa na moshi hata kidogo.

"Enda tu kazi."

Alichukua kikombe kwa mkono yangu, akamimina yote kwa yake, akageukia ukuta akakunywa. Aliishi miezi nne zaidi. Kila siku nilikuwa napita hapo kwa mlango yake na mdomo yangu imejaa mzaha, na hakuniita tena.