Sista Aliyekosea Mahali Palepale

Mtu akinisifia ukoo fulani kwamba wote wamezaliwa na muziki, mimi humuuliza: wote kina nani? Kwa kawaida hutaja wanaume wawili watatu, kisha anakwama. Baba yangu alikuwa mpiga nyatiti aliyejulikana kuanzia Luanda Kotieno hadi ng'ambo kule Mbita, na kila alipokaza nyuzi zake nane aliniita kutoka jikoni. "Ipi inadanganya?" anauliza. Nasimama mlangoni, mikono ina unga, namwambia ni ya tatu, ivute kidogo. Anaivuta, anatabasamu, halafu ananirudisha jikoni, kwa sababu kwetu mwanamke hakuruhusiwa kuigusa nyatiti. Wageni walimsifu kwa sikio lake. Sikio lilikuwa langu, na jambo hilo linaniuma hadi leo.

Nilipoolewa nilikuja kuishi mjini, mtaa wa Nyalenda karibu na ziwa, na miaka michache baada ya uhuru nikapata kazi ya kufua na kupiga deki katika zahanati ya wazazi ya misheni moja, upande wa Mamboleo. Mkunga wa pale alikuwa Mjerumani wa makamo, mrefu, mkavu wa maneno. Tulimwita Sista ingawa hakuwa mtawa. Jina la ukoo wake liliandikwa mlangoni, nasi tulilipita kila siku bila kujua kwamba kwao lilikuwa jina zito. Kabla yake, mama aliyepata uzazi mgumu alipakiwa kwenye lori kupelekwa hospitali kubwa, na wengine walirudishwa na lori lilelile wakiwa wamefunikwa shuka. Alipokuja Sista, lori lile likakaa hadi majani yakaota chini yake. Ndiyo maana wanawake walivumilia ukali wake.

Balaa lilianza na kidole. Injinia mmoja Mjerumani, aliyeletwa kutengeneza mitambo bandarini, alibanwa kidole, na kwa kuwa alikuwa amesikia kwamba kwetu kuna mtu wa kwao, dereva wake akamleta. Alipolisoma jina la mlangoni alisahau maumivu. Akamshika Sista mkono, akasema na kusema kwa Kijerumani. Sista alijibu neno mojamoja, akifunga bendeji kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Kutoka pale injinia akaenda moja kwa moja kwa Padri. Kabla ya jioni misheni nzima ilijua kwamba Sista anatoka katika ukoo wa wanamuziki ambao nyimbo zao hupigwa makanisani kote Ulaya.

Padri alifurahi kupita kiasi. Kulikuwa na shule ya wasichana ya kanisa huko Nairobi iliyokuwa imetafuta mwalimu wa muziki kwa muda mrefu bila kumpata.

"Mtu wa damu hiyo anakata vitovu!" alisema mbele yetu sisi tuliokuwa tunakunja nepi. "Hii ni dhambi."

"Sijui kupiga," Sista akasema.

"Unajishusha tu."

"Sijui."

Hakuna aliyemwamini. Ikapangwa kwamba Jumapili ile apige kinanda cha kanisa, na mkubwa wa shule aje kumsikiliza. Akipendezwa naye, angemchukua mwezi huohuo, na mkunga wa kushika nafasi yake hakuwepo. Mimi mwenyewe nilikuwa na mimba changa bado, nikakasirika hadi chakula kikanishinda. Kule Nyalenda, kwenye foleni ya maji, hakukuwa na habari nyingine.

"Hawa wanaume nani alizaa wao?" mama mmoja akauliza. "Mtoto ikikwama, muziki ndio itavuta yeye?"

Jumamosi tulikuwa tunachemsha mikasi. Nikamuuliza Sista kwa nini hataki kwenda. Nairobi ni kuzuri, na kuna Wazungu wenzake tele.

"Nyar Asembo," akasema, maana ndivyo alivyoniita, binti wa Asembo. "Kwetu kuna babu moja mkubwa, kila mtu anajua yeye. Halafu kuna kaka yangu, watu wanajua kidogo. Halafu kuna sisi."

Dada yake mkubwa, alinieleza, alikuwa akitunga nyimbo, na kaka yao akazitia jina lake. Dada akabaki kufundisha watoto wa jirani hadi alipokufa. Shangazi zao walikaa miaka wakinakili kazi za wanaume hadi macho yakafifia, na hakuna anayewakumbuka. Yeye alikimbilia ukunga.

"Mtoto akizaliwa haulizi mimi ni wa nani," akasema. "Nikirudi kwa muziki, nitakuwa mtu ya ukoo tena."

Nami nikamsimulia habari ya baba na nyatiti yake. Alicheka mara moja, kicheko kikavu, akatoa mikasi majini.

Jumapili kanisa lilijaa. Injinia alikaa mbele na bendeji yake. Mkubwa wa shule alikaa kando ya Padri, amefumba macho, tayari kufurahi. Wimbo ulikuwa wa zamani, wa huko kwao kina Sista, ambao sisi tuliuimba kwa Dholuo tangu utotoni. Sista akaanza kukanyaga, kinanda kikavuta pumzi.

Alipiga vibaya. Mwisho wa mstari wa pili kidole kiliangukia kitufe cha jirani, na mstari wa mwisho ukaburutwa hadi kwaya ikapotea. Ubeti wa pili ukawa hivyohivyo. Kijana mmoja akacheka, wengine wakafuata, Padri akawa mwekundu hadi shingoni. Injinia alitoka nje kabla wimbo haujaisha. Mkubwa wa shule alifumbua macho, akatazama saa yake.

Mimi sikucheka, nilitega sikio. Mtu asiyejua hukosea mara hapa, mara pale. Sista alikosea mahali palepale kila ubeti, kwa kipimo kilekile, na baina ya makosa hayo mapigo yake hayakuyumba hata kidogo. Mtoto wa mpiga nyatiti hawezi kukosa kusikia jambo kama hilo.

Kesho yake nilimkuta wodini akipima mtoto.

"Sista," nikasema, "jana ulikosea vizuri sana."

Hakuinua kichwa, lakini masikio yalimwiva. "Nani mwingine anajua?"

"Hakuna."

"Basi nyamaza. Nimedanganya kanisani. Hiyo inatosha." Nikamwahidi.

Hakupelekwa Nairobi. Lakini wanakwaya wakampa jina, Kinanda Kibovu, na hata akina mama aliowaokolea watoto walilitumia wakicheka. Niliwachukia kwa hilo. Watoto wa mtaa waligeuza sanduku la soda kuwa kinanda, wakawa wanaligonga na kuuburuta ule mstari wa mwisho kila alipopita. Wajerumani wenzake mjini waliacha kumwalika. Na kile kinanda hakukigusa tena, hata kanisa likiwa tupu, kwa kuwa mtu yeyote angeweza kupita akasikia. Siku moja nilimwona akikifuta vumbi kwa kiganja, polepole mno, nikageuka nisimwaibishe.

Zamu yangu ya kujifungua ilipofika, mtoto alikuwa amekaa vibaya, ametanguliza makalio. Uchungu ulinishika tangu asubuhi, na jua lilipoelekea ziwani nilikuwa nimekwisha kabisa. Sista akanipigisha magoti, mkono mmoja ukikandamiza kiuno, mwingine uko mgongoni. Nilidhani ananibembeleza. Kisha nikavitambua vile vidole: vilikuwa vinapiga ule wimbo, naye akiufuata kwa kuguna, chini sana. Ukapita mstari wa kwanza. Kwenye wa pili nikasubiri kosa, maana nilijua lilipo. Vidole vikapita pale sawasawa, vyepesi, na mstari wa mwisho ukatua mahali pake bila kuburutwa. Nikalia, na uchungu wa uzazi ulikuwa na sehemu ndogo tu katika kilio kile.

"Usisukume," akasema. "Ngoja. Ngoja. Haya, sasa."

Msichana. Alitoka kimya, mwili wa bluu, na Sista akampulizia pumzi hadi akalia. Akaniwekea kifuani, akanawa mikono, akaenda kwa mama mwingine aliyekuwa akiita.

Nje ya dirisha watoto walikuwa wakigonga sanduku lao na kuburuta ule mstari wa mwisho. Nilitaka kupaza sauti niwaambie kwamba hivyo sivyo anavyopiga. Nilikuwa nimeahidi kunyamaza, basi nikamnyonyesha mtoto.