Kufuli la Wifi

Mimi si mtu wa kutulia, na siku ile ndiyo kabisa. Mawingu yalikuwa yamejaa upande wa Kanyangi, majirani wameshapanda ndengu, na shamba langu lilikuwa limelimwa likabaki wazi kwa sababu wadudu waliharibu mbegu yote niliyoweka akiba. Chama chetu cha akiba cha wanawake kilikuwa kimenikubalia mkopo wa mbegu. Kilichobaki ni kufungua sanduku la pesa tu. Pale mkutanoni nilikaa kwenye benchi, nikainuka kutazama mbingu, nikarudi, nikainuka tena.

Sanduku letu lina makufuli matatu, na kila ufunguo una mwenyewe. Vyama vingine huwapa funguo wanawake wapole. Sisi tulichagua wasiopatana, wasije wakaelewana kutuibia. Mmoja ulikuwa wangu, wa pili wa mama mmoja anayegombana na kila mtu, na wa tatu wa wifi yangu, dada wa mume wangu. Tangu mbuzi wangu waingie kwenye mbaazi zake, mimi na yeye tulikuwa paka na panya. Tulipokutana kisimani, kila mmoja aliangalia kwake.

Siku hiyo wifi hakutokea. Nikajua ananikomoa. Nikakimbia hadi kwake nikiwa nimejaa matusi, nikamkuta ameketi mlangoni, mguu umevimba kama kiazi kikuu. Aliteleza akiteka maji. Akavua ufunguo shingoni bila kuniangalia.

"Chukua. Usiseme nilikunyima."

Nilirudi mbio nikiwa na furaha, nikaweka funguo zote mbili mezani. Mwenyekiti akazisukuma kando.

"Funguo mbili mkono mmoja? Hiyo haiwezekani. Sisi tunataka mtu, si chuma."

"Mtu ni mgonjwa! Na mvua ndiyo hiyo!"

"Basi mlete. Mtaka cha mvunguni sharti ainame."

Nilimchukia. Nilichukia chama kizima na sheria zake, na ubaya ni kwamba ile ya funguo niliipigia makofi mwenyewe. Ngurumo ikasikika. Nikarudi kwa wifi, nikachuchumaa mbele yake, nikampa mgongo.

"Panda."

"Aiya! Umerukwa na akili?"

"Panda, ama msimu wa ndengu unipite."

Akapanda. Njia ni ya mawe na mchanga, na yeye si mwepesi.

"Enda polepole, mwanamke wewe. Mimi si gunia la makaa."

"Gunia halisemi."

Tulipovuka korongo, nikahisi mkono wake ukipapasa bega langu.

"Mifupa mitupu," akasema. "Umekonda hivi lini? Na mimi niko hapo ng'ambo tu."

Nikamweka vizuri mgongoni, nikaongeza mwendo.

Tulipoingia, wanawake walitupisha hadi kwenye sanduku. Yule mama mgomvi alifungua kufuli lake, nami langu, na wifi akafungua lake akiwa bado mgongoni, mashavu yetu yakigusana. Mwenyekiti akatutazama.

"Naona hawa wamepatana. Itabidi tutafute mwingine wa kushika ufunguo."

"Nani amepatana?" wifi akafoka, mkono umenikaza shingoni. "Huyu? Mbaazi zangu hajalipa mpaka leo!"

"Na sitalipa," nikasema haraka, nikamshusha taratibu kwenye benchi, nikanyakua pesa na kutimua mbio kwenda dukani.