Plasta ya Doto

Aliyepasuliwa anaruka kwenye kochi, mzima ndiye kalala anauguzwa. Hii ndiyo Krismasi yangu hapa Mugoma.

Mapacha wangu wana miaka miwili na ushee. Kulwa alipasuliwa ngiri wiki iliyopita, na daktari akasema asikimbie, asiruke. Nimemlinda kama yai.

Leo nimeenda kanisani, nikawaacha na mama mkwe, aliyetoka Bukiriro kuja kula sikukuu na sisi.

Narudi, Doto kalala chali, plasta tumboni. 

"Mama, Doto kapatwa na nini?"

"Hajapatwa na kitu. Nimembandika tu. Pacha humpi mmoja ukamnyima mwenzake, ataugua na yeye."

Wageni nao wanaingia, "pole baba, pole sana," soda zote kwa Doto. Mgonjwa mwenyewe hakuna anayemtazama, ndiyo maana yuko juu ya kochi.

Uvumilivu ukaniishia. Nikaibandua plasta ya Doto. Alivyolia, hata jirani alikuja kuchungulia.

Kulwa akashuka. Akamwangalia ndugu yake, akapandisha fulana, akabandua plasta yake mwenyewe, akampa.

Mshono wote uko nje, unaonekana.

Mama mkwe wala hakuinuka kwenye mkeka. "Umeona, Mama Kulwa? Hata wao wanajua."

Wenzangu wenye mapacha, mnaishije na hawa bibi?

Na msinicheke. Nimeshawabandika upya, wote wawili.